Kadi ya Mama Véronique na Dola za Rangi ya Kitenge

Wanangu mlioanza kazi juzi pale wakala wa safari, na ninyi wengine mnaokuja kwangu kila mnapopata viza, swali lenu nalijua kabla hamjaketi. Mama Mwajuma, niende na kadi au niende na pesa mkononi? Mnataka jibu la neno moja kwa sababu teksi inawangoja nje. Jibu la neno moja sina. Nina miaka mingi ya kusindikiza watu: wafanyabiashara waliokwenda Dubai na Guangzhou, wagonjwa waliokwenda India na Afrika Kusini. Nimeona kadi ikigoma, nimeona dola ikikataliwa, na safari moja nimeviona vyote viwili kwa mtu yule yule, siku ile ile. Kaeni. Teksi iambieni iende.

Kazi nilifundishwa na Papa Sefu, mzee wa Kimaniema kama baba yangu, mtu wa kofia safi na maneno machache. Siku zangu za mwanzo aliniweka mezani, akanipa bunda la dola za msafiri mmoja, akaniambia nitenge zile ambazo hazitafika. Nikajiuliza, dola si dola? Akachukua noti moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na mpasuko pembeni, mdogo kuliko ukucha wa mtoto. Akasema hiyo hata hapa Lubumbashi muuza mkate ataikataa, sembuse karani wa nchi ya watu. Nyingine ilikuwa na muhuri wa duka fulani katikati ya uso. Nyingine ilikuwa ya toleo la zamani, lenye picha ndogo ya kichwa. Nyingine mtu alikuwa ameandika jumla ya hesabu zake kwa kalamu ya bic. Nikamwuliza kama si pesa halali. Akakubali kwamba ni halali kabisa.

"Muntu akiwa kwabo anaweza kubishana," alisema. "Akiwa mugeni, inafaa franga yake isikuwe na kesi."

Ndiyo maana mpaka leo, mjukuu wangu akiniletea dola, naigeuza huku na huku kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Wananicheka. Wacheke.

Kadi zilipoanza kuenea Papa Sefu alikuwa amechoka, na hakuzipenda. Alizishika kwa ncha za vidole. Kadi basi sikufundishwa na mtu, nilifundishwa na matatizo ya wasafiri. Nakumbuka maarusi wawili niliowapeleka Dubai na kundi la wafanyabiashara. Bwana arusi alikuwa na kadi mpya, na kila kitu alitaka kulipa nayo, hata chupa ya maji. Mapokezi ya hoteli wakaichukua, wakaipitisha, wakamrudishia kwa tabasamu. Kesho yake dukani, bibi arusi ameshachagua viatu na ameshavivaa, kadi ikasema hapana. Kijana akaona ameibiwa, akataka polisi. Hakuna aliyemwibia. Hoteli ilikuwa imezuia sehemu ya pesa zake kama dhamana, kwa ajili ya friji na mataulo na chochote ambacho mgeni angeweza kuharibu. Pesa zilikuwa zake, ila hakuweza kuzigusa mpaka aondoke, na hata baada ya kuondoka zilichukua siku kurudi. Bibi arusi alivua viatu akavirudisha kwenye boksi taratibu sana, na bado nina huruma ninapomkumbuka akifunga kile kifuniko. Toka hapo kila msafiri wangu namwambia aulize mapokezi kabla ya kutoa kadi: mtazuia kiasi gani, na mtaachilia lini? Kama anaweza kuweka dhamana hiyo kwa pesa taslimu na kupewa risiti, kadi yake ibaki huru.

Lakini ninayetaka kuwasimulia ni Mama Véronique. Jina nimelibadilisha, na la mume wake pia.

Mama Véronique aliuza samaki wa kukaushwa. Alikuwa anakwenda mwenyewe Kasenga, analala kwa ndugu zake kando ya Luapula, ananunua, anakausha, anarudi Lubumbashi na magunia juu ya lori. Mume wake, Papa Ngoy, alikuwa mstaafu wa reli, mtoto wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kaskazini aliyekuwa anavaa suti kwenda misa hata jua liwe kali vipi. Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari wa hapa alisema mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri, na akamwandikia hospitali moja ya Delhi.

Walikuja ofisini wote watatu, wao wawili na mtoto wao mkubwa, Didier. Didier alikuwa na kazi nzuri kwenye mgodi mmoja njia ya Likasi na nyumba katika mtaa wa Golf. Alikuwa amemfungulia mama yake akaunti ya benki, na pesa zote za samaki, pamoja na nyongeza aliyotia yeye mwenyewe, zilikuwa mle. Kwa Didier mambo yalikuwa yameisha.

"Mama, siku hizi bantu habatembeyake na franga mu mufuko," alisema. "Carte inatosha."

Papa Ngoy, ambaye alikuwa anapumua kwa shida hata akiwa ameketi, aliikodolea macho ile kadi.

"Carte iko plastiki. Ikikatala, tutakula plastiki?"

Kila mmoja alikuwa na haki yake. Didier alikuwa anaogopa wazee wake kuporwa katika mji wasioujua. Papa Ngoy alikuwa ameishi miaka ambayo benki ilifunga mlango na watu wakabaki nje na vitabu vyao vya akiba. Mimi nilisema ninachosemaga: gawanyeni. Sehemu kubwa kwenye kadi, sehemu ya kutosha siku za mwanzo iwe dola safi, na viwili hivyo visikae kwenye mfuko mmoja. Nikawapa bahasha ya plastiki. Nikamwambia Didier apitie benki kuwaarifu kwamba kadi inakwenda India, na aulize plafond, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kadi inaweza kulipa kwa siku. Akaniitikia vizuri. Nadhani alipitia kweli, akamkuta mtu mwenye haraka, wakaelewana nusu.

Siku ya safari tulikutana Luano, kwenye uwanja wetu wa ndege. Mama Véronique alikuwa amevaa kitenge kipya cha buluu, bado kina harufu ya duka. Bahasha yangu alikuwa nayo, lakini ndani yake alitia kidogo tu, kunifurahisha. Dola nyingine, zile ambazo Papa Ngoy alizisisitiza, alikuwa amezishona ndani ya mkanda wa kitenge kile kile, akajifunga kiunoni chini ya nguo. Hakuniambia.

Sasa fikirini. Safari ndefu, Addis Ababa katikati, mume anashikwa na kizunguzungu, mama mnene kidogo ameketi amebana, ana wasiwasi, anatoka jasho. Kitenge kipya hakijaoshwa hata mara moja. Tulipofika Delhi na joto lake, ile buluu ilikuwa imehama.

Tuligundua mbele ya kibanda cha kubadilisha pesa, karibu na hospitali. Mama Véronique aliomba tusimame nje ya choo cha wanawake, akaingia, akatoka na noti mkononi huku uso umebadilika. Zilikuwa nzima, hakuna hata moja iliyopasuka. Lakini zilikuwa na mawimbi ya buluu, na nyingine zilionyesha hata ua la kitenge. Yule mwanamume wa kibanda alizitazama, akasukuma sinia lake kuturudishia. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba noti yenye wino wa rangi wanaiogopa, kwa sababu kuna masanduku ya benki yanayomwagia wino pesa zikiibiwa. Mama Véronique aliponiuliza anasema nini, nilishindwa kumwambia neno wizi. Nilisema hapendi rangi.

Papa Ngoy alishauri zioshwe kwa sabuni. Nilimkataza, maana noti iliyooshwa inapoteza ule ukakamavu wake na mashine inaikataa moja kwa moja. Kwa taarifa yenu, zile dola zilirudi Lubumbashi, na wabadilisha pesa wa kando ya barabara walizichukua kwa kukata kipande kizuri. Lakini siku ile Delhi zilikuwa picha za maua tu.

Basi, tukasema, kadi ipo. Tulikwenda dirisha la malipo la hospitali. Ilikuwa Jumamosi kabla ya mchana. Operesheni ilipangwa Jumatatu, na kabla ya hapo walitaka amana yote. Karani, kijana mwenye miwani, aliingiza kadi, Mama Véronique akabonyeza namba ya siri kwa kidole kimoja, akiifunika kwa mkono mwingine kama nilivyomfundisha. Mashine ikafikiri. Ikakataa. Wakarudia, ikakataa tena. Nikawaambia tusijaribu mara nyingine, kwa sababu ukilazimisha sana, benki inaona mwizi na kadi inafungwa kabisa. Hilo lishikeni: ikikataa, acheni, pigeni simu.

Tulipiga. Nilitumia mtandao wa hospitali, kwa sababu laini ya Mama Véronique ilikufa tangu Addis. Nyuma ya kila kadi kuna namba ya msaada, na mimi huwa naiandika mahali pengine, maana ukipoteza kadi umepoteza na namba. Mama wa upande wa pili alikuwa na adabu sana. Alieleza kwamba malipo yale makubwa kutoka nchi ya mbali yameishtua mitambo yao. Kufungua kunawezekana mara moja, ila ni lazima mteja athibitishe kupitia simu iliyoandikishwa kwenye akaunti. Na simu iliyoandikishwa ilikuwa ya Didier.

Didier hakufanya hila yoyote. Siku ya kufungua akaunti mama yake alikuwa ametoka kubadilisha laini kwa mara nyingine, na yeye akaona ni rahisi kuweka namba yake. Tukampigia. Simu iliita, ikaita, ikanyamaza. Tukatuma ujumbe, haukusomwa. Baadaye tulijua kwamba aliitwa kazini ghafla kushika nafasi ya mwenzake mgonjwa, na ndani ya mgodi ule simu zinaachwa getini.

Yule karani kijana aliona hali. Alichukua dola chache safi za ile bahasha ya plastiki, akazikubali kama mwanzo, akaandika kwamba mgonjwa apewe kitanda. Lakini akatuambia wazi kwamba bila amana kufika kabla ya Jumatatu, nafasi ya chumba cha operesheni itapewa mgonjwa mwingine, na foleni ilikuwa ndefu.

Nilidhani kazi imebaki kwenye simu. Kumbe ilikuwa imebaki kwa Papa Ngoy. Alikuwa ameketi kando ya kitanda, suti yake bado mwilini, na alikuwa amekataa kuvaa gauni la hospitali. Aliniomba nitafute tiketi za kurudi. Alisema ameona vya kutosha. Mtu ambaye pesa zake zimekataliwa mara mbili asubuhi moja, alisema, ameshaambiwa, na ana haja gani ya kungoja kuambiwa mara ya tatu? Nimesindikiza wanaume wengi, na najua aibu inaweza kumfukuza mtu kwenye dawa kuliko maumivu.

Mama Véronique alikuwa amesimama dirishani. Aligeuka, akaja akaketi karibu naye, akaanza kumfungua tai. Alimwambia bila kupandisha sauti:

"Papa, miye nililala na baridi kule Kasenga juu ya hii moyo. Ile samaki yote sikuuza juu ya weye kuona ukuta ya hospitali na kurudia na moyo ileile. Vaa hii nguo. Weye kazi yako ni kulala. Franga ni kazi yangu."

Papa Ngoy alimwacha amfungue tai. Kisha na kiatu.

Mimi na Mama Véronique tukatoka nje, kwenye korido. Akaniuliza kama ninayo namba ya Clarisse. Clarisse ni mke wa Didier. Ninayo, nikasema, Didier aliiacha ofisini kwa dharura. Akasita, akakaa kwenye benchi, na hapo ndipo aliponieleza kwamba yeye na mkamwana wake hawasemezani. Zamani alikuwa anashusha magunia ya samaki kwenye parsele, yaani uwanja wa nyumba ya Didier, kabla ya kuyapeleka sokoni. Siku moja Clarisse alikuwa na wageni, akamwomba yale magunia yatolewe kwa sababu ya harufu. Pengine aliomba vibaya, pengine alisikika vibaya. Mama Véronique aliyabeba siku hiyo hiyo, na hakukanyaga Golf tena. Mwana alikuwa anamtembelea mama peke yake, na wajukuu walikuja kwa bibi kama watu wanaokwenda likizo.

Nilijitolea kupiga mimi, maana ni kazi yangu. Alikataa. Alichukua simu, akasimama.

"Clarisse, ni miye. Nayua hatusemezanake. Leo nakulomba: unitafutiye Didier. Papa yenu eko mu kitanda, na banangoja."

Upande wa pili nikasikia mtoto analia na mlango unafungwa. Clarisse hakuuliza lolote. Alisema, "Mama, natoka sasa," na simu ikakatika.

Mliowahi kungoja simu nje ya nchi mnajua ule ungojaji. Tulikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi. Nilimwonyesha Mama Véronique picha za wajukuu wangu, akaniambia wa pili anafanana na mimi, jambo ambalo si kweli. Clarisse, huku Lubumbashi, aliacha watoto kwa jirani, akaendesha gari mpaka kwenye geti la mgodi. Walinzi walimwambia kuna utaratibu. Akawaambia yeye anangoja hapo hapo mbele ya geti, na gari halitaondoka mpaka mume wake aitwe, na kama lori lao linataka kupita, lipite juu yake. Haya alinisimulia Didier mwenyewe, akiwa na fahari na woga kidogo.

Didier alitoka na kofia ya kazi kichwani. Kutoka pale getini aliipigia benki kwa simu yake, wakamuunganisha na mama yake, wakazungumza wote watatu. Maswali yakaulizwa, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, na kadi ikafunguliwa. Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba plafond ya siku haifiki ile amana. Didier akaanza kulia kwenye simu. Mtu mzima na cheo chake. Alikuwa anasema ni yeye amemuua baba yake.

"Didier, nyamaza," mama yake alimwambia. "Hakuna mwenye kufa apa. Tutalipa nusu leo, nusu kesho."

Na ndivyo tulivyofanya, kwa sababu plafond ni ya siku, na kesho ni siku nyingine. Mimi nilitaka kulisema hilo, yeye akanitangulia. Miaka yote ameuza samaki kwa watu wanaolipa kidogo kidogo.

Karani kijana aliingiza kadi tena. Mashine iliuliza kitu kimoja kabla ya kuendelea: unataka kulipa kwa dola au kwa rupia? Mama Véronique alikuwa anakwenda kubonyeza dola, kwa kuwa ndizo anazozijua na ndizo zilizo kwenye akaunti yake. Nilimshika mkono. Nanyi msikieni huo mkono. Uko India, lipa kwa rupia. Uko Afrika Kusini, lipa kwa randi. Ukivuka Kasumbalesa ukanunua Zambia, kwacha. Mashine ikikugeuzia dola pale pale, inatumia kiwango chake yenyewe, na kiwango chake hakikupendi. Acha benki yako igeuze. Alibonyeza rupia. Karatasi ikatoka, karani akaichana akampa, na akamtazama kidogo kwa namna ya mtu ambaye naye ana mama.

Jumapili tulilipa nusu ya pili. Jumatatu Papa Ngoy alisukumwa kwenye kitanda chenye magurudumu, akiwa amevua kila kitu isipokuwa rozari, na hata hiyo walimwomba aiachie mlangoni. Mama Véronique aliishika. Mimi nilikuwa na tasbihi yangu. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na shanga zake, na muuguzi aliyepita alituona akacheka kwa macho. Alasiri daktari alitoka akishusha barakoa, akasema mlango unafunga.

Tulikaa mpaka apone vya kutosha kupanda ndege. Katika siku hizo Clarisse alikuwa anapiga simu kila asubuhi, mwanzoni kuniuliza mimi hali ya mgonjwa, baadaye kumwuliza Mama Véronique mwenyewe. Mara moja niliwasikia wanabishana kuhusu chumvi, kama mgonjwa wa moyo aruhusiwe kula samaki wa kukaushwa. Walibishana muda mrefu, kwa raha.

Mkirudi nyumbani kutoka safari, nendeni benki mbadilishe kile kilichowasumbua, kabla hamjakisahau. Mama Véronique alikwenda na kuandikisha namba yake mwenyewe. Didier alimpeleka. Na laini hiyo mpaka leo hajaibadilisha.

Lakini kwanza tulishuka Luano. Familia yote ilikuwa nje, wajukuu wamevaa nguo za Jumapili, Didier mbele na mikono amefungua. Mama Véronique alimpita kidogo mwanawe, akaenda kwa Clarisse aliyekuwa nyuma na mtoto mgongoni. Clarisse alimpokea mkoba, akauvaa begani mwake. Papa Ngoy alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari, polepole, suti imemlegea, akauliza kama nyumbani Golf kuna mtu aliyepika bukari, ugali wetu wa huku.

Wakaingia, milango ikafungwa, gari likaondoka. Mimi nilibaki kwenye vumbi na sanduku langu. Dereva wa ofisi hakuwa amefika, na hawa walikuwa wamenisahau kabisa. Sikuwalaumu. Katika kazi yetu, familia ikikusahau uwanjani, ujue umeifikisha.

Niliketi juu ya sanduku, nikavua viatu. Ndipo nikaliona gari linarudi, kinyumenyume, honi inalia. Kioo cha mbele kikashuka, na Papa Ngoy akatoa kichwa. Alikuwa anahema, lakini kwa kucheka.

"Mama Mwajuma, shiye tunaenda kula. Ingia, tutafinyana."